Askari, Burgumestre, Jenerali: Maisha ya Mzee Victor Lundula

Yubile ni wakati wa kuhesabu neema za Mungu, na ni wakati wa kuwataja wazee. Wengi wa wakristu wa kwanza wa mji huu walikuwa watu wa Union Minière, watu wa reli na watu wa Force Publique. Juu ya kazi ya shaba na ya reli, mengi yamekwisha kuandikwa. Juu ya askari wa vita ya 1940-1945 tunasema machache. Kwa hiyo tumependa kueleza hapa maisha ya mmoja wao, aliyekaa katika nchi yetu ya Katanga.

Victor Lundula alikuwa Mtetela, mtoto wa Sankuru. Wakati wa vita alitumika katika Force Publique, akafikia cheo cha sajini. Siku zile mtu mweusi hakuweza kuwa ofisa. Maofisa wote walikuwa Wabeleji. Hata hivyo, mwaka 1941 askari wa Kongo waliwashinda Waitaliani katika Ethiopia. Waliteka Asosa mwezi wa tatu, na mwezi wa saba Jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwao huko Saio. Wengine, waliotunza majeruhi, walifika mpaka Burma.

Lakini katika mwaka uleule, tarehe 9 ya mwezi wa kumi na mbili, hapa Elisabethville, askari wa Leta waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokusanyika katika uwanja wa mpira kudai mshahara. Makumi walikufa. Basi askari wa kizazi kile walirithi mambo mawili pamoja: sifa ya ushindi wa mbali, na damu ya ndugu zao nyumbani. Tusipotaja yote mawili, hatujawaheshimu kwa kweli.

Vita ilipokwisha, Lundula aliingia katika maisha ya raia, akakaa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Mwishoni mwa 1957, kwa mara ya kwanza, wenyeji wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville waliitwa kuchagua washauri wa komini zao. Lundula akawa burgumestre. Aliyezoea kupokea amri sasa alipaswa kusikiliza mashauri ya watu wa makabila mengi waliofuata kazi mjini.

Uhuru ulifika tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Baada ya siku tano askari waliasi, kwani Jenerali Janssens aliwaambia kwamba kwao hakuna kitakachobadilika. Tarehe 8 mwezi wa saba serikali ya Patrice Lumumba ikamteua Lundula kuwa Jenerali na mkubwa wa jeshi lote. Joseph Mobutu akawa msaidizi wake. Watu walishangaa: sajini wa zamani kuwa jenerali kwa siku moja! Lakini kosa halikuwa lake. Nchi iliyonyimwa maofisa kwa miaka 70 ingewapata wapi? Tena alikuwa angali Katanga, na tarehe 11 Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga.

Mwezi wa tisa Kasavubu na Lumumba waliachana. Lundula akaondolewa, na Mobutu akashika jeshi. Baadaye Lundula aliongoza askari wa Stanleyville, upande wa Antoine Gizenga. Mwezi wa kumi na moja 1961 aliapa kuitii serikali ya Cyrille Adoula, na mwezi wa kwanza 1962 askari wake waliwashinda walinzi wa Gizenga. Wengine walimwita mwasi, wengine msaliti. Sisi tunaona mtu aliyechoka kuona jeshi moja limegawanyika, Wakongo wakiuana.

Tarehe 8 mwezi wa sita 1922 haikuwa na mfalme wa kumshukuru askari mweusi. Ilipita miaka mia. Tarehe hiyohiyo ya 2022, katika Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubeleji alimvika nishani Kaporali Albert Kunyuku, aliyepigana Burma, akiwa mzee wa miaka 100. Siku mbili baadaye Mfalme alikuja hapa Lubumbashi. Wenzake Kunyuku karibu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa bila nishani.

Wapenzi wakristu, katika nyumba zenu kuna picha za kale, vitabu vya askari, medali zilizofungwa katika kitambaa. Msizitupe. Waulizeni wazee majina, mkayaandike, mkayalete katika Misa ya marehemu. Bwana awape pumziko la milele.