DAMU YA MTU USIYEMJUA (Sehemu ya 4)

Sehemu ya 3 tuliongelea upungufu wa damu kwa mjamzito. Baada ya hapo wengi mmeniuliza jambo moja: ile damu anayowekewa mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua inatoka wapi, na mtu anaitoa bure kwa sababu gani? Swali zuri sana hilo, na lina historia ambayo kipande chake kimepita hapa nchini kwetu. Kaeni vizuri, leo ni ndefu kidogo.

Kutoa sisi tunakujua. Hapa Kiegei, na kote Nachingwea na Ruangwa, msiba ukitokea daftari linafunguliwa. Jina, kiasi. Mwenye elfu mbili, mwenye debe la mahindi, wote wanaandikwa. Ufuta ukiuzwa vizuri, daftari nalo linanenepa. Hakuna anayeita ile ni biashara, lakini kila mmoja anajua siku yake ikifika daftari litafunguliwa kwake pia. Unamjua marehemu, na watu wanakuona ukitoa. Hivyo viwili vina nguvu kuliko tunavyodhani.

Na damu kwa miaka mingi ilikwenda kwa mtindo huohuo. Mgonjwa akihitaji damu, ndugu wanaitwa watoe, au warudishie ile aliyotumia. Inaonekana ni haki kabisa. Shida ni kwamba mama anayevuja damu hangoji shemeji atoke shambani. Mtu mzima ana kama lita 5 za damu mwilini, na kizazi kisipojikaza baada ya kujifungua, mama anaweza kufa ndani ya saa chache. Damu ya ndugu nayo haiingii moja kwa moja, lazima ipimwe kundi, UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Halafu kuna jambo linalosemwa kwa sauti ya chini: ndugu wakikosekana, anatafutwa kijana, anapewa chochote, anajitambulisha kuwa ni mdogo wa mgonjwa. Mtu aliyekuja kwa ajili ya hela hawezi kukwambia kwamba mwezi uliopita aliumwa manjano.

Sasa tutoke kidogo nje. Mwaka 1921 hospitali moja ya London, King's College, ilipiga simu kwa watu wa Msalaba Mwekundu kuomba mtu wa kumtolea mgonjwa damu. Katibu wao, Percy Oliver, akaenda na wenzake wachache. Aliyekutwa na damu inayofaa alikuwa nesi! (Naomba hilo likumbukwe.) Oliver aliporudi nyumbani akaanza orodha ya watu walio tayari kuitwa saa yoyote, mchana au usiku, kumpa mtu wasiyemjua, bila malipo. Ndio mwanzo wa utaratibu wa wachangiaji wa hiari.

Anayenivutia zaidi ni mwingine, Profesa Richard Titmuss wa London. Huyu aliongoza kamati iliyochunguza huduma za afya za Tanganyika, na ripoti yao ilitoka mwaka 1964. Walishauri nchi changa isimalizie fedha zake kwenye hospitali kubwa za mjini, bali iweke nguvu kwenye vituo vya afya vijijini na kwenye kinga. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto chanjo kwenye kituo kilicho karibu nawe, ujue wazo hilo lilipita mezani kwake. Miaka 6 baadaye, 1970, akatoa kitabu kuhusu damu. Alilinganisha Uingereza, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani, ambako sehemu ya damu ilinunuliwa, mara nyingi kwa wafungwa na walevi wenye shida ya hela. Alisema damu ya kununua ina hatari zaidi, hasa ya homa ya ini, na inapotea zaidi. Akaongeza jambo lililowaudhi wachumi: kwamba bei inaweza kuua moyo wa kutoa.

Kenneth Arrow, mchumi mkubwa wa Marekani, alimpinga mwaka 1972. Kama mimi natoa bure, kuna ubaya gani mwenzangu akilipwa? Mimi si naendelea tu na wema wangu? Kwenye karatasi hoja hiyo haina tatizo. Hata hivyo suala la usalama halikubishaniwa sana, na kufikia 1978 Marekani ilikuwa inataka mfuko wa damu uandikwe kama mtoaji alilipwa au alijitolea.

Jibu kwa Arrow lilichelewa. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Sweden walichapisha jaribio lao la mji wa Göteborg. Wanafunzi waliombwa wakapimwe afya ili wawe wachangiaji damu. Wanawake walioombwa bure, asilimia 52 walikubali. Walioahidiwa kronor 50, waliokubali walishuka hadi asilimia 30! Wengine wakaambiwa hela hiyo wanaweza kuielekeza kwa watoto wenye saratani, wakarudi asilimia 53. Kwa wanaume hela haikuleta tofauti ya maana, hilo mlijadili wenyewe huko majumbani.

Mimi naelewa wale dada. Jaribu kumlipa jirani aliyekaa na mwanao siku nzima ukiwa wodini, uone atakavyokuangalia.

Msiseme basi hata ile soda na biskuti ya baada ya kutoa damu tuikatae. Soda si mshahara. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliokusanya majaribio mengi, ulikuta zawadi ndogo zinaongeza watoaji bila kuharibu usalama wa damu.

Kwetu Tanzania, baada ya UKIMWI kuingia miaka ya themanini, damu ya haraka haraka ilizidi kutisha. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004, kwa msaada mkubwa wa fedha za Marekani, vikajengwa vituo vya kanda. Chetu sisi wa kusini kiko Mtwara. Lengo lilikuwa damu ikusanywe kwa watu wa hiari, ipimwe, ikae kwenye friji kabla mgonjwa hajaja.

Na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu friji halina sura. Marekani mwaka 2007 ilichapishwa tafiti nyingine: watu waliopewa dola 5 wakaombwa wachangie wenye njaa Afrika. Walioonyeshwa picha ya binti mmoja wa Mali, Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosomewa takwimu za mamilioni ya watu walitoa dola 1.14. Sisi nasi ndivyo tulivyo. Ukisema "fulani, mke wa fulani, yuko labour anahitaji damu," bodaboda zitajaa getini. Ukisema "benki ya damu imepungukiwa," watu wanaendelea na kazi zao. Lakini damu nzima inakaa kama siku 35 tu, kwa hiyo ile ya kumsaidia mke wa fulani mwezi ujao lazima itolewe leo, wakati hakuna anayejua ni nani.

Wanaotubeba kwa kiasi kikubwa ni vijana wa shule na vyuo. Wanakuja kwa makundi, wenzao wanawaona, wanacheka, wanapiga picha na plasta mkononi. Ni lile daftari letu la msiba, ila kwa namna yao. Shule zikifungwa, friji linapungua, na wajawazito wanaendelea kujifungua kama kawaida. Ndiyo maana napenda sana vikundi vyenu vya vikoba na vicoba vya kanisani na msikitini vipange siku moja ya kutoa pamoja, kwa majina, muonane. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4, umri 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50. Mjamzito na anayenyonyesha apumzike, zamu yake itafika.

Sehemu ya 5 tutaongelea maandalizi ya kujifungua, na kwa nini mjue kundi la damu la mama na la watu wawili watatu wa nyumbani kabla ya wiki ya 36. Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.