Chuo cha Githunguri na Suala la Lugha

Mtu atakaye kuelewa habari za chuo cha ualimu cha Githunguri, katika Kiambu, Kenya, hana budi kuanza na mwaka 1929, ingawa chuo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1939. Mwaka ule wa 1929 misheni kadha katika nchi ya Wakikuyu, ile ya Kanisa la Scotland ikiwa mbele, ziliwataka walimu na waumini wao waikane mila ya kuwatahiri wasichana. Wengi walikataa; wazazi wakawatoa watoto wao, wakajenga shule zao wenyewe. Hapo ndipo vilipozaliwa vyama viwili: Chama cha Shule Huru za Kikuyu, kilichokuwa radhi kushauriana na Serikali, na kile cha Karing'a, neno lenye maana ya safi au halisi, ambacho hakikutaka ushauri huo.

Husemwa mara nyingi ya kuwa ugomvi ulikuwa juu ya tohara tu. Maelezo hayo ni mafupi mno. Ardhi ilikuwamo, na lugha ilikuwamo. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilisifu mafunzo kwa lugha za wenyeji, na Serikali ikashika rai ya kwamba Kiingereza kingoje madarasa ya mbele. Wazazi walikidai mapema. Si ajabu: Mzee Koinange wa Mbiyu alipokwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge, ilidhihirika wazi ni kwa lugha gani mambo ya ardhi yalikatwa. Hivyo waliojiita halisi ndio waliodai lugha ya kigeni, na mwanaisimu asiharakishe kuwacheka.

Mwanawe, Peter Mbiyu Koinange, alisoma Marekani, katika Hampton, Ohio Wesleyan na Columbia, akarejea mwaka 1938. Shule huru zilikuwa nyingi na walimu wachache, basi Githunguri iliwekwa iwafundishe. Fedha zilichangwa kwa marika, kila rika likishindana na jingine kwa ukarimu. (Kikuyu husema riika na mariika, udugu wa maneno hayo na yetu hauhitaji ushahidi.) Hivyo taasisi mpya kabisa ilisimamishwa kwa mpango wa kale kabisa, na jambo hilo lastahili kuchunguzwa kuliko linavyochunguzwa. Jomo Kenyatta, aliyerudi kutoka Uingereza mwaka 1946, alikishika chuo baada ya Mbiyu kusafiri.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Chuo kilifungwa, mahali pake pakageuzwa kambi ya wafungwa, na wapiganaji walinyongwa papo hapo walipofunzwa walimu. Shule huru zilipigwa marufuku; baadhi zilifunguliwa tena chini ya halmashauri za elimu za wilaya.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma katika mojawapo ya shule za Karing'a, amesimulia ya kwamba kabla ya mwaka 1952 masomo yake yalifundishwa kwa Kikuyu. Kiingereza kilikuwa somo kilichoheshimiwa. Hakikuwa mtawala wa darasa. Kilitawala Serikali ilipozitwaa shule, na mtoto aliyesikiwa akisema Kikuyu karibu na shule aliadhibiwa.