Kabuti la Vita: Kwa Nini Sare za Mababu Zetu Hazipo Gikomba

Wacha nikiri kitu mapema. Mwaka jana nilikaribia kumla mtu pesa zake bila kujua.

Mnajua vile nilianza. Karo ilinishinda mwaka wa pili, nikaacha kampasi, nikaanza kuamka saa kumi usiku kuwahi Gikomba beli zikifunguliwa. Nauza majaketi. Siku moja nikaokota kabuti zito la kijani, vifungo vikubwa, mabega mapana. Muuzaji akaniambia, "Buda, hiyo ni ya vita. Ya enzi za Hitler." Nikatoa mia nane. Nikalipiga picha, nikaandika "Sare asili ya Vita vya Pili vya Dunia", bei 6,500. Ndani ya saa moja watu watatu walikuwa wanaligombania.

Nikilikunja ili nilitume, nikageuza mfuko wa ndani nikaona lebo yenye nambari ya tarakimu 13. Nikakaa chini nikaitafuta. Kumbe ni nambari ya stoo ya NATO. Tarakimu ya tano na ya sita huonyesha nchi: 12 ni Ujerumani, 99 ni Uingereza. Yangu ilikuwa 12. Sasa, vita viliisha 1945. NATO ilianzishwa 1949. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu, na mimi nilikuwa nimeifeli hadharani.

Nikampigia mteja nikamwambia ukweli. Alicheka, akalichukua kwa 1,500. Lakini mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye hii dunia ya wanaokusanya sare za zamani, na sijatoka hadi leo.

Kama unataka kuanza, hivi ndivyo nimejifunza. Ukiona velkro, hiyo si ya vita. Ukiona poliesta kwenye lebo, rudisha. Sare za Waingereza za baridi zilikuwa za sufu nzito inayowasha shingo. Chomoa uzi mmoja, uchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na hubaki jivu, poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Angalia ndani uone kama kuna muhuri wa mshale mdogo uliochapwa kwenye kitambaa. Huo mshale ulikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Angalia pia vifungo vya jaketi fupi la vita. Mwanzoni vilifichwa chini ya kitambaa. Vita vilipokaza na nguo kuadimika, wakaanza kushona jaketi zenye vifungo vinavyoonekana, ili wabane matumizi. Yaani hata kifungo kinaweza kukuambia vita vilikuwa vimefika wapi.

Halafu swali likanishika. Nimepekua Gikomba, nimepekua Toi. Nimeona makoti ya Wajerumani, suruali za Wafaransa, jaketi za Waingereza. Mbona sijawahi kuona hata moja ya askari wetu?

Kwa sababu walikuwepo, na walikuwa wengi. King's African Rifles, ile KAR ambayo wazee huitaja, iliundwa 1902. Katika Vita vya Pili karibu Wakenya 98,000 walivaa sare ya Mwingereza. Walipigana Abisinia 1941, wakaenda Madagaska 1942, halafu Burma. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wakiwa vijana wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Waliofika Burma walivaa sare ya kijani ya msituni na kofia pana iliyokunjwa upande mmoja. Beji ya divisheni yao, ya 11, ilikuwa kichwa cha kifaru. Leo ukitaka kuona vitu vya KAR vimewekwa vizuri chini ya kioo, nenda makumbusho ya London.

Nikaamua kumuuliza cucu, huko Murang'a. Babake alikuwa Burma. Hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, lakini vile unasikia habari ya hali ya hewa.

"Cucu, guka alirudi na nguo za jeshi?"

"Alirudi na kabuti. Ndilo tulikuwa tunajifunika usiku, watoto wanne."

"Sasa liko wapi?"

Aliendelea kuchambua maharagwe. "Alilichoma."

Cucu alikuwa na miaka kama minane. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na vijana walioingia msituni walipenda makabuti ya jeshi kwa sababu Aberdare usiku ni barafu. Kwa hiyo ukipatikana nalo nyumbani, homgadi wanakuuliza umelitoa wapi na unampelekea nani. Babake alilichoma nyuma ya jikoni usiku mmoja. Cucu anakumbuka harufu. "Kama nywele," akaniambia.

Manze, nilinyamaza.

Fikiria hiyo hali kidogo. Waruhiu Itote, yule tunayemwita General China, alikuwa askari wa KAR Burma kabla ya kuongoza wapiganaji Mlima Kenya. Na waliotumwa kuwawinda wapiganaji hao milimani walikuwa pia askari wa KAR, Waafrika wenzao. Kwa mzee kama babake cucu, ile nguo ilikuwa imebeba maana mbili na zote zingeweza kumuua. Mwingereza akiiona, wewe ni Mau Mau. Mau Mau akiiona, wewe ni mtu wa serikali. Moto ulikuwa jibu la akili.

Kwa hivyo zile sare hazikupotea kwa uzembe. Nyingine zilivaliwa shambani hadi zikaisha, kwa sababu hakukuwa na pesa ya nguo nyingine. Askari Mweusi alipewa kiinua mgongo kidogo kuliko mzungu aliyepigana naye vita hivyohivyo. Nyingine zilichomwa kwa woga. Sare inayofika mnadani ikiwa safi, bila kiraka, mara nyingi ni ya mtu aliyekuwa na kabati ya kuiweka. Yetu ilikuwa blanketi la watoto wanne.

Nikamuuliza kuhusu medali. Anayo, ndani ya mkebe wa majani ya chai. Ni nyota ya Burma. Nikaigeuza nitafute jina la guka, hakuna. Nyota ambazo Uingereza ilitoa baada ya Vita vya Pili hazikuchongwa majina. Ukiiuza leo, kesho hakuna mtu duniani atakayejua ilikuwa ya nani. Anayejua ni cucu pekee, na cucu ana miaka karibu themanini.

Najua kuna mtu atauliza kama anaweza kuvaa jaketi ya jeshi tao. Jichunge. Sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na polisi hawatangoja uwaeleze mambo ya lebo na tarakimu 13. Kusanya, tundika ukutani, lakini zile za madoadoa ya msituni usitoke nazo nje.

Mimi bado nakusanya. Bado nauza pia, kodi hailipwi na historia. Lakini sasa kila kitu ninachouza naandika ninachokijua tu, na kama sijui nchi wala mwaka nasema hivyo, hata kama bei inashuka.

Ile medali nilikataa kuichukua, ingawa cucu alinipa. Nilichofanya ni kukata karatasi, nikaandika jina la babake, kijiji chake, Burma, na habari ya kabuti. Nikaiweka ndani ya mkebe chini ya nyota. Cucu akaniambia nimekosea jina moja. Nikaandika upya.

Mwezi ujao narudi na simu ikiwa na chaji ya kutosha, nimrekodi yote. Wewe kama kwenu kuna mkebe, au sanduku chini ya kitanda, usingoje mazishi ndio uulize.