Tumbo likiuma, tusikimbilie kumlaumu mpishi

Pale kwetu, watu wakiumwa na tumbo baada ya harusi au hitima, wa kwanza kulaumiwa ni mpishi. Nimeyashuhudia haya zaidi ya mara moja. Kufikia jioni mtaa mzima umeshakata shauri kwamba ni nyama ya biriani, na yule mama haitwi tena kupika. Hakuna aliyepima kitu. Huenda ilikuwa kachumbari, huenda ni maji ya barafu, au ni kitu walichokula majumbani kwao kabla ya kufika karamuni.

Leo nataka kueleza njia ambayo wataalamu huitumia kupata jawabu bila kubahatisha, nayo ni kusoma vinasaba vya bakteria.

Kila kiumbe kina vinasaba, ambavyo wengi wetu tunavijua kwa jina la DNA. Vichukulie kama maandishi marefu yaliyoandikwa kwa herufi 4 pekee. Bakteria aitwaye listeria ana herufi zipatazo milioni 3. Anapozaana huyanakili maandishi hayo, na mara mojamoja hukosea herufi. Basi bakteria wawili wakitofautiana kwa herufi chache tu, ni wa nasaba moja na wametengana karibuni. Wakitofautiana kwa maelfu, si ndugu wa karibu, hata kama jina lao ni moja.

Faida yake ni hii. Kipimo cha kawaida kitakwambia mgonjwa ana listeria na chakula nacho kina listeria, lakini hakitakwambia kama ni ukoo mmoja. Mashine ya kusoma vinasaba ndiyo inayokwambia.

Mfano mkubwa ni wa Afrika Kusini. Tangu mwanzo wa 2017 hadi katikati ya 2018, watu 1,060 walithibitishwa kuugua listeria nchini humo, na 216 wakafa. Wagonjwa wengi walikuwa watoto wachanga wasiozidi siku 28, kwa sababu bakteria huyu humpata mama mjamzito na kumfikia mtoto aliye tumboni. Tena hakomeshwi na baridi. Huendelea kuzaana hata ndani ya friji.

Kumpata mkosaji kulikuwa kazi. Mtu anaweza kula listeria leo akaugua baada ya wiki kadhaa, na nani anakumbuka alichokula mwezi uliopita? Hata hivyo wagonjwa waliulizwa, na kati ya 109 waliohojiwa, 93 walisema walikula nyama za kiwandani zilizo tayari kuliwa, hasa poloni, ile soseji nene ya kukatwa vipande. Vinasaba navyo vilionyesha kwamba zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 ambao bakteria wao walisomwa walikuwa na aina moja, iliyopewa jina ST6. Maana yake, chanzo kilielekea kuwa kimoja.

Januari 2018, watoto wa shule ya chekechea huko Soweto walifikishwa hospitalini wakiwa na homa na kuharisha. Daktari alishuku chakula. Maafisa wa afya wakaenda chekechea siku hiyohiyo na kuchukua poloni iliyokuwa kwenye friji. ST6 akapatikana katika choo cha mtoto na katika poloni. Kutoka hapo wachunguzi walifika kiwanda kimoja mjini Polokwane, wakamkuta ST6 humo ndani. Tarehe 4 Machi 2018, waziri wa afya wa wakati huo, Aaron Motsoaledi, alitangaza matokeo, na bidhaa zikaondolewa madukani. Wagonjwa wapya wakapungua, na Septemba mwaka huo mlipuko ukatangazwa kwisha.

Tazameni kilichofungua njia: daktari aliyeshuku mapema, na maafisa waliowahi kuchukua chakula kabla hakijatupwa. Bila sampuli, mashine haina cha kusoma.

Sisi wa Pwani hatuko mbali na elimu hii. Wakati wa korona, maabara ya KEMRI-Wellcome Trust pale Kilifi ilisoma vinasaba vya virusi vilivyokuwa vikizunguka nchini. Linalokosekana mara nyingi ni sampuli. Watu wakiumwa, mabaki ya chakula yanamwagwa, sufuria zinasuguliwa, na kila mtu anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya kuua bakteria. Ushahidi wote umekwenda na maji.

Kwa hivyo, wakiugua wengi baada ya mlo mmoja, nendeni hospitali, hasa akiwemo mjamzito, mtoto au mzee. Mkiombwa sampuli ya choo msione haya, na ni vyema itolewe kabla ya kumeza vidonge hivyo. Wekeni kiasi cha kila chakula kilichobaki, kila kimoja katika chombo safi chenye kifuniko, ndani ya friji, na asile mtu. Kisha mwiteni afisa wa afya ya umma wa kaunti.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Vinasaba vinaweza kututajia aliyeoza ni yupi, na wengine wakabaki na heshima yao. Yule mama wa biriani anastahili angalau hilo.