Barua iliyokwama Bagamoyo na programu zinazojiandikia njia

Wiki hii siasa tuziweke pembeni. Nataka tuzungumzie njia. Simaanishi barabara ya Bagamoyo na foleni zake za Tegeta, hiyo kila mtu anaijua. Namaanisha njia anayopita ujumbe mpaka umfikie mwenyewe. Unabofya kiungo kwenye simu, ukurasa unafunguka, unaendelea na maisha yako. Nani kaamua ufunguke ukurasa ule na sio mwingine? Mafundi wa kompyuta watasema hilo ni swali lao. Mimi naona ni swali la historia, na sisi watu wa pwani tumo ndani yake.

Tuanzie mwaka 1870. Tarehe 1 Novemba mwaka huo, mfuko wa barua za David Livingstone ulitoka Zanzibar pamoja na msafara mdogo wa wapagazi wapatao 35. Yeye alikuwa bara huko, upande wa Ziwa Tanganyika. Njia ilikuwa inajulikana: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Unyanyembe (Tabora ya leo), halafu Ujiji. Zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, na kila msafara ulikuwa na kirangozi aliyeihifadhi njia kichwani: wapi kuna maji, wapi unalipa hongo, wapi unalala. Henry Morton Stanley alipofika pwani mwanzoni mwa 1871 aliandika kwamba msafara ule ulikaa Bagamoyo takriban siku 100 bila kuondoka. Baadaye mfuko uleule akaukuta Unyanyembe, umekwama tena. Ulipomfikia mzee Ujiji, Novemba 1871, ulikuwa umemaliza mwaka mzima tangu uvuke bahari.

Hapo kuna funzo. Anwani ilikuwepo na njia ilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kuhakikisha kwamba anwani hii inaishia kweli pale inapoahidi kuishia.

Miaka ikasonga. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu kutoka Aden ikafika Zanzibar, na mwaka 1890 waya wa chini ya bahari ukaunganisha Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam. (Kwa taarifa yako, neno "simu" asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya.) Kirangozi sasa akawa karani wa telegrafu: anapokea, anasoma jina, anaamua waya upi utumike. Kisha zikaja simu za kuongea na wale akina dada wa kuchomeka plagi kwenye ubao. Kisha mitambo ikachukua nafasi yao. Na kwenye mitambo hiyo ndipo hadithi yetu inapoingia kwenye kompyuta.

Mwaka 1986, kule Sweden, wahandisi watatu wa kampuni ya Ericsson, Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, walianza kutengeneza lugha ya programu kwa ajili ya mitambo ya kuunganisha simu. Wakaiita Erlang, jina linalomkumbuka Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyeanza kuchapisha hesabu za msongamano wa simu mwaka 1909. Erlang iko kwenye ukoo wa lugha za kifanksheni. Usiogope neno. Fanksheni ni kama mashine ya kusaga: ukitia mahindi unapata sembe, na ukitia mahindi yaleyale kesho utapata sembe ileile. Haina hasira wala haikumbuki jana. Katika lugha hizi programu nzima hujengwa, kadiri inavyowezekana, kwa mashine ndogondogo za namna hiyo.

Mwaka 1998 Ericsson wakaiachia Erlang itumiwe na yeyote bure. Mwaka 2009 ikazaliwa WhatsApp, ambayo seva zake ziliandikwa kwa Erlang. Ndiyo, WhatsApp hiyohiyo ya kikao cha harusi na ya mama akikuuliza kama umekula. Facebook walipotangaza kuinunua mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450, na wahandisi wake walikuwa 32 tu. Lugha iliyobuniwa kuelekeza simu ikawa inaelekeza soga za dunia nzima.

Sasa turudi kwenye kurasa za wavuti. Mwaka 2009, mwezi Julai, kebo ya SEACOM ilianza kazi na Dar es Salaam ikapata intaneti ya chini ya bahari baada ya miaka ya kutegemea setilaiti. Lakini kebo inakufikisha mlangoni tu, yaani kwenye seva. Ukishafika kuna safari ya pili: upelekwe chumba kipi? Kipande cha programu kinachoamua hilo huitwa ruta.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Wavuti ilipofunguliwa kwa watu mwaka 1991, anwani kwa kawaida ilikuwa jina la faili lililolala kwenye diski. Tovuti zikakua, kurasa zikaanza kutungwa papo hapo, na waandishi wa programu wakawa wanaandika njia kwa mkono: anwani ikianza hivi fanya vile, ikianza vile fanya hivi. Na viungo ndani ya kurasa vikaandikwa kwa mkono vilevile, mahali pengine kabisa. Unaona tatizo? Ukibadilisha upande mmoja na kusahau mwingine, msomaji anagonga mwamba wa 404. Ni yaleyale ya kirangozi kuijua njia mpya huku barua ina anwani ya kambi iliyohamishwa.

Dawa ambayo watu wa lugha za kifanksheni wameipika ni hii: andika orodha ya njia mara moja tu, halafu mashine yenyewe iandike msimbo unaobaki. Tuseme natengeneza tovuti ya kumbukumbu za Bagamoyo. Orodha yangu ni hii:

/majengo/(jina) – ukurasa wa jengo
/misafara/(mwaka) – misafara ya mwaka huo
/picha/(namba) – picha moja

Mistari mitatu. Kutokana na kila mstari, mashine inazaa vitu vitatu. Cha kwanza, jina rasmi la ukurasa ambalo programu nzima inalitambua. Cha pili, fanksheni ya kusoma: inapokea /misafara/1871 na kutoa "misafara, mwaka 1871". Cha tatu, fanksheni ya kuandika, inayokwenda kinyume: inapokea "misafara, mwaka 1871" na kutoa anwani. Mtu akiandika /misafara/juzi anakataliwa pale pale, kwa sababu "juzi" sio namba ya mwaka. Na kwa kuwa kusoma na kuandika vimetoka kwenye mstari mmoja, haviwezi kugombana.

Utamu uko hapa. Kama mimi mwandishi nikiweka kiungo cha kwenda ukurasa usiokuwemo kwenye orodha, kompaila (programu inayotafsiri nilichoandika kwenda lugha ya mashine) inagoma. Kosa linakamatwa mezani kwangu kabla msomaji wa Kaole au Saadani hajaliona.

Wazo hili lina wazazi wanaojulikana. Mwaka 2002 Tim Sheard na Simon Peyton Jones walieleza namna ya kuifanya lugha ya Haskell ijiandikie msimbo wakati wa kutafsiriwa. Wakaita Template Haskell. Michael Snoyman akautumia uwezo huo kwenye Yesod, zana ya kujengea tovuti iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2012, na hapo ndipo kazi ya kuzalisha njia kutokana na orodha ilipong'ara. Kwa upande wa Erlang, Mbrazili José Valim alitengeneza Elixir, lugha inayotembea juu ya mtambo uleule wa Erlang, na Chris McCord akaijengea Phoenix, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015. Orodha ya njia za Phoenix hugeuzwa kuwa fanksheni wakati wa kutafsiriwa, na tangu toleo la 1.7 la mwaka 2023 kompaila inakuonya pia kama kiungo chako hakilingani na njia yoyote.

Utauliza, haya yananihusu nini mimi nisiyeandika programu? Yanakuhusu sana. Kuna gazeti moja, jina nalihifadhi, lililojenga upya tovuti yake. Siku moja viungo vyote nilivyokuwa nimevitunza kwa ajili ya makala zangu vikafa. Habari huenda bado zimo ndani ya seva, lakini njia za kuzifikia zimefutwa. Kwa mwanahistoria wa mwaka 2070, habari isiyo na njia ni sawa na habari iliyochomwa moto. Kumbukumbu zetu nyingi za Kiswahili za miaka hii zinaishi kwenye anwani za namna hiyo tu.

Tuseme ukweli wote: mashine inalinda viungo vya ndani ya nyumba. Kiungo ulichomtumia shangazi mwaka juzi kompaila haikijui. Kama mwenye tovuti akiufuta mstari ule kwenye orodha, programu itatafsirika vizuri kabisa na shangazi atapata 404. Tim Berners-Lee, aliyeibuni wavuti, alilisema tangu 1998: anwani nzuri haibadiliki, na zikibadilika ni watu waliozibadilisha.

Februari 1874 mwili wa Livingstone ulifika Bagamoyo, umebebwa kwa miezi kutoka Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, na Chuma, Susi na wenzao. Hakukuwa na mfuko wenye muhuri wala karani wa kuwasimamia. Walikuwa wameahidiana kufika, wakafika. Orodha ya njia ni ahadi ya aina hiyo, na mashine siku hizi inatusaidia kuitimiza nusu yake. Nusu ya pili ni ya wenye magazeti, halmashauri, vyuo na sisi wenyewe tunaoandika.

Wewe je, kiungo gani umewahi kukitafuta ukakuta kimekufa?