Kwenye Skrini Safi, Kwenye Karatasi Vurugu: Ugomvi wa Kompyuta na Printa Ulianzia Wapi?

Wadau, hii ipo kila steshenari. Mwanafunzi anaingia mbio na flashi mkononi, ripoti ya kurasa 80 inatakiwa idarani kabla ya saa kumi jioni. Kwenye laptopu yake kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Karatasi zinaanza kutoka: jedwali limekatwa katikati, picha imehamia ukurasa mwingine, na yaliyomo yanasema sura ya tatu iko ukurasa wa 31, kumbe iko wa 34. Hela imeshalipwa, muda unayoyoma, na lawama zote anabebeshwa dada wa steshenari: "Printa yenu mbovu!"

Mara nyingi printa ya watu haina kosa lolote. Ugomvi wenyewe ni wa zamani, umeanza kabla huyo mwanafunzi hajazaliwa.

Enzi za taipureta haukuwepo. Katibu muhtasi alibonyeza herufi, ikagonga karatasi palepale mbele ya macho yake. Kuona na kuchapa vilikuwa kitu kimoja. Kwenye mashine nyingi kila herufi ilichukua nafasi sawa, iwe i au m, kwa hiyo kupanga safu ilikuwa ni kuhesabu nafasi tu. Ukikosea, unafuta au unaanza upya. Kazi ngumu, ila haina mshangao.

Mshangao ulikuja na kompyuta. WordStar, moja ya programu za kuandikia zilizovuma mwanzoni, ilitoka mwaka 1978. Skrini nyingi za wakati huo zilionyesha herufi za umbo moja, kama 80 kwa mstari. Ukitaka neno litoke kwa herufi nzito, unaweka alama za siri kabla na baada yake, halafu unasubiri printa imalize ndiyo ujue umepatia au umekosea. Mchapaji akawa kama mpishi anayepika bila kuonja.

Lakini dawa ilikuwa imeshaanza kuchemshwa huko Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mhandisi mmoja wa kampuni ya Xerox, kwenye maabara ya Webster, jimbo la New York, alipata wazo la kutumia mwanga wa leza kuchora ukurasa ndani ya mashine ya fotokopi. Mabosi wake hawakulitaka wazo hilo. Jamaa hakukata tamaa. Mwaka 1971 akahamia maabara mpya ya kampuni hiyohiyo kule Palo Alto, California, na huko printa ya leza ikafanya kazi.

Miaka mitatu baadaye, 1974, wenzake wa Palo Alto wakatengeneza Bravo, programu ya kuandikia iliyoonyesha kwenye skrini herufi nzito, za mlazo na za ukubwa tofauti, karibu sawa na zitakavyotoka kwenye karatasi. Teknolojia hiyo ikaja kuitwa kwa msemo wa maana hii: unachokiona ndicho utakachokipata. Na hapa wapenda burudani wasikilize vizuri. Msemo huo ulikuwa umepata umaarufu Marekani kupitia mchekeshaji wa televisheni aliyekuwa akivaa gauni na kuigiza mwanamke. Kichekesho kikageuka jina la teknolojia!

Mwaka 1984 Macintosh ikaingia sokoni na skrini ya nukta 72 kwa inchi. Namba hiyo haikuokotwa. Wachapaji hupima herufi kwa pointi, na pointi 72 ni kama inchi moja. Printa yake, ImageWriter, iliweza nukta 144 kwa inchi, yaani mara mbili kamili ya skrini. Mwaka 1985 ikafuata LaserWriter, nukta 300 kwa inchi, ikitumia PostScript, lugha ya Adobe inayoueleza ukurasa kwa hesabu badala ya kuhesabu nukta moja moja.

Kwa hiyo amani ya skrini na karatasi ni makubaliano yaliyotengenezwa na watu: vipimo vilevile, fonti ileile, karatasi ileile. Kimoja kikikosekana, ugomvi unarudi. Na faili la Word, tofauti na watu wanavyodhani, siyo picha ya ukurasa. Ni kama maelekezo ya mapishi. Kila kompyuta inayolifungua inapika upya kwa vyombo ilivyonavyo.

Chukua karatasi. Wamarekani wanatumia Letter, milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297, kipimo kilichowekwa Ujerumani mwaka 1922 na kufanywa cha kimataifa mwaka 1975. A4 ni nyembamba kwa milimita 6 na ndefu kwa milimita 18. Programu nyingi zilizaliwa Marekani, hivyo faili linaweza kuwa limepangwa kwa Letter bila mwenyewe kujua. Likihamishiwa A4, kila ukurasa unapata nafasi ya mistari kama mitatu zaidi. Zidisha kwa kurasa 80 uone yaliyomo yatakavyopotea njia.

Njoo kwenye fonti. Mwaka 2007 Word iliacha kuanza na Times New Roman, ikahamia Calibri ambayo ni nyembamba zaidi. Kompyuta isiyokuwa na Calibri inaazima fonti nyingine kimyakimya, mistari inarefuka, kurasa zinaongezeka. Halafu kuna urithi wa taipureta: watu bado wanapanga safu kwa kubonyeza spesi mfululizo, na kuhamia ukurasa mpya kwa kugonga Enter mara ishirini. Fonti ikibadilika tu, nguzo zote zinaanguka.

Mwaka 1993 Adobe ilileta PDF, faili linaloganda ukurasa kama ulivyo na linaloweza kubeba fonti zake lenyewe. Mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa. Ndiyo maana dada wa steshenari mzoefu, swali lake la kwanza ni moja: "Umeleta Word au PDF?" Hajasomea Palo Alto, lakini historia yote hiyo anayo kichwani.

Dawa yenyewe haina uchawi. Geuza kazi yako kuwa PDF kwenye kompyuta uliyoandikia, ikague ukurasa kwa ukurasa, kisha ichapwe kwa ukubwa halisi, asilimia 100, siyo kubanwa iingie kwenye karatasi. Kama una Word tu, anza na ukubwa wa karatasi: hakikisha ni A4. Kisha fonti. Kisha washa ile alama ya aya inayofanana na P iliyogeuzwa, uone spesi na Enter za ziada. Zitoe, tumia tabu kupanga safu, na Ctrl na Enter kuanza ukurasa mpya. Yaliyomo yasasishwe mwisho kabisa, kwa F9, kurasa zikishatulia. Na kabla ya kuchapa zote 80, chapa mbili tu za majaribio.

Wahandisi wale hatuwatajitaji mitaani, na dada wa steshenari naye jina lake halimo kwenye ukurasa wa shukrani wa ripoti yoyote, hata ile aliyoiokoa saa tisa na nusu. Je, yako nani aliiokoa?