Nyumbani au Hospitali? Hesabu ya Mama wa Ndera

Sisi walimu wa Kiswahili huwaeleza wanafunzi wetu kwamba neno "kujifungua" limetokana na kitenzi "kufungua" na kiambishi rejeshi "-ji-". Mwanafunzi makini anaweza kudhani kwamba mama hujifungua peke yake, pasipo msaada wa mtu. Historia haionyeshi hivyo. Aghalabu penye uzazi pana mkono wa mtu wa pili, na mkono huo una gharama yake. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi gharama hiyo ilivyobadilika nchini Rwanda na jinsi ilivyopimwa pamoja na usalama wa mama. Mfano wetu wa mahali utakuwa Ndera.

Ndera ni sekta ya Wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa Jiji la Kigali. Jina lenyewe halikosi kumvutia mwalimu wa Kiswahili, maana kitenzi chetu "kulea" katika Kinyarwanda ni "kurera". Wageni wengi wameijua Ndera kwa sababu ya hospitali yake ya maradhi ya akili. Lakini hospitali hiyo siyo anayoiendea mama mwenye uchungu wa uzazi. Njia yake huanzia kwa mhudumu wa afya wa kijijini, hufika kituo cha afya, na mambo yakiwa mazito huishia katika hospitali, kama ile ya Kibagabaga iliyo katika Gasabo hiyo hiyo.

Zamani njia hiyo haikuwapo. Mama alizalia nyumbani, akizungukwa na mama mkwe wake na wanawake wakongwe wa jirani. Walimshika, walimtuliza, walimpokea mtoto na kukata kitovu. Siku ya nane watoto wa majirani walialikwa kula pamoja, na kila mmoja akamtajia mtoto jina. Hakuna aliyedai fedha. Ndiyo maana hata leo watu husema kwamba kuzaa nyumbani ni bure.

Je, ni bure kweli? Wakunga wale walikuwa na maarifa na subira, lakini hawakuwa na damu ya kumwongezea mama aliyevuja, wala dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, wala kisu cha kumpasua aliyezuiliwa na mtoto aliyekwama. Hatari ilipotokea, mama alilazwa katika machela ya kufumwa, akachukuliwa mabegani na wanaume wakipanda na kushuka milima. Kwa Kinyarwanda machela hiyo huitwa "ingobyi", na neno hilo hilo ni jina la mbeleko ya kumbebea mtoto. Katika safari ile muda ndio uliokuwa bei, na mara nyingi bei ilikuwa kubwa kupita uwezo.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba hospitali ilikuwa salama kwa kuwa tu ni hospitali. Mwaka 1846, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, wazazi zaidi ya 11 katika kila 100 walikufa katika wodi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ilhali katika wodi ya wakunga walikufa chini ya 3. Wanawake wa mji ule waliiogopa wodi ya madaktari, na hofu yao ilikuwa ya haki. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wenzake, waliokuwa wakitoka kupasua maiti, wanawe mikono kwa maji ya chokaa ya klorini, na vifo vikapungua ghafula. Hapa pana funzo la kudumu: kinachookoa si jengo, bali ni kazi inayofanyika ndani yake.

Turudi kwetu Afrika Mashariki. Mwezi Februari mwaka 1987 mkutano wa kimataifa ulifanyika Nairobi, na hapo ndipo ulipotolewa wito wa uzazi salama duniani kote. Miaka hiyo nchi nyingi ziliwafundisha wakunga wa jadi. Baadaye ilidhihirika kwamba mafunzo mafupi hayakutosha pasipo hospitali ya kumpokea mama aliyezidiwa.

Nchini Rwanda mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza watu na huduma pamoja. Mwaka 1996 vituo vya afya vilianza tena kutoza ada, na maskini wakavikimbia. Uchunguzi wa mwaka 2000 ulikuta kwamba uzazi uliofanyika vituoni na hospitalini ulikuwa kiasi cha 27 katika kila 100, na kwamba akina mama 1,071 walikufa katika kila uzazi hai 100,000. Mwaka 2005 uzazi wa vituoni ulikuwa 28 tu. Hatuwezi kusema kwamba akina mama hao walikuwa wajinga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi ndiye ajuaye pia kilichomo mfukoni mwake.

Mabadiliko yalikuja gharama ilipogawanywa. Bima ya afya ya jamii, inayojulikana kwa jina la mituweli, ilijaribiwa mwaka 1999 katika Byumba, Kabgayi na Kabutare, kisha ikaenezwa nchi nzima. Mchango ulikuwa faranga 1,000 kwa mtu kwa mwaka. Mwaka 2011 ulipangwa kwa kadiri ya uwezo, faranga 2,000, 3,000 au 7,000, na walio fukara kabisa walilipiwa. Kuanzia mwaka 2006 serikali ilieneza pia mpango wa kuvilipa vituo kwa kadiri ya huduma zilizotolewa, uzazi ukiwa mojawapo. Vijijini waliwekwa wahudumu wa afya, mmoja wao akishughulikia wajawazito na watoto wachanga.

Matokeo yake yanajulikana. Uzazi wa vituoni na hospitalini ulifika 69 katika 100 mwaka 2010, 91 mwaka 2015, na 93 mwaka 2020. Vifo vya akina mama vilishuka hadi 210 katika uchunguzi wa 2014-15. Barabara, uzazi wa mpango na tiba ya malaria pia vilichangia, lakini haba na haba za mituweli zilijaza kibaba kikubwa.

Pamoja na hayo, hesabu haijafungwa. Jamaa ya watu sita waliotozwa 3,000 kila mmoja ilitakiwa kutoa 18,000 kwa mwaka hata kama hakuna aliyeugua. Yapo pia malipo ya juu ya bima, nauli, nguo za mtoto, na chakula cha mama na cha ndugu anayemwuguza. Tena katika uchunguzi wa 2019-20 vifo vilikuwa 203, karibu sawa na vya miaka mitano nyuma, ingawa karibu kila mama alizalia kituoni. Vienna inatukumbusha sababu: mlango wa hospitali ukiisha kufunguka, swali linalobaki ni la ujuzi, damu, dawa na mikono safi iliyomo ndani.

Basi mama wa Ndera anapopima nyumbani na hospitali, asiambiwe kwamba moja ni bure na nyingine ni ghali. Zote zina bei. Ya nyumbani hukaa kimya mpaka siku ya hatari, kisha hudaiwa yote mara moja, na mwenye kudaiwa ni mama peke yake. Ya hospitali hujulikana mapema, na yaweza kugawanywa kati ya watu wengi. Wale wanaume wa machela walilijua jambo hili kabla ya mituweli: mzigo wa uzazi ni wa mabega mengi.